Kamera ya Ulinzi Inayotuma Picha Kwenye Seva: Namna ya Kuiweka Bila Kuianika Nyumba

Watu wengi hununua kamera ya ulinzi baada ya kuibiwa, au baada ya jirani yao kuibiwa. Fundi huja, huifunga ukutani, huvuta nyaya hadi kwenye mashine ya kurekodi iliyowekwa juu ya kabati sebuleni, na kazi huonekana imekwisha. Mwizi wa siku hizi naye analijua kabati hilo. Akishaingia ndani huondoka na televisheni, mtungi wa gesi na mashine yenyewe ya kurekodi, na ushahidi wote huondoka pamoja na mali. Hapo ndipo inapoanzia haja ya kutuma picha nje ya nyumba wakati uleule zinapopigwa, kwa kuwa picha iliyokwisha kufika kwenye seva iliyo mbali haiwezi kubebwa ndani ya gunia.

Seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana, iliyounganishwa na intaneti, ambayo kazi yake ni kupokea na kutoa mafaili kwa wanaoruhusiwa. Kamera ya mtandao ina kompyuta ndogo ndani yake, hivyo inaweza kupeleka picha huko bila kupitia mashine ya kurekodi. Huduma hii imo katika kamera nyingi zinazouzwa madukani, hata zile za bei ya chini, ingawa wanunuzi wengi hawaijui na baadhi ya mafundi hawaigusi. Ubaya wake ni kwamba njia ileile inayoiokoa picha isiibiwe ndiyo inayoweza kuipeleka mbele ya macho ya watu wasiohusika. Makala haya yanaeleza namna ya kupata faida hiyo bila hasara yake.

Njia mbili za kuona picha ukiwa mbali

Mwenye kamera anapotaka kuona picha akiwa kazini au safarini, ana njia mbili. Katika njia ya kwanza kamera hukaa kama duka: iko nyumbani, mlango uko wazi, na anayetaka picha huifuata. Ili jambo hilo liwezekane, fundi hufungua mlango katika ruta, yaani huiagiza ruta impitishe hadi kwenye kamera mgeni yeyote anayebisha hodi kwa kutumia namba fulani. Katika njia ya pili kamera hufanya kazi ya tarishi: yenyewe hutoka, hupeleka picha kwenye seva, hukabidhi mzigo na kurudi. Hakuna mgeni anayeingia ndani.

Mtumiaji anashauriwa kuchagua njia ya pili. Intaneti ina programu zinazozunguka saa zote zikibisha hodi kwenye kila anwani, na mlango uliofunguliwa leo unaweza kugunduliwa kabla ya jua kuzama. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilifanya kazi hiyo kwa kutumia orodha fupi ya majina ya watumiaji na nywila za kiwandani, jozi takribani 60 tu, na ikateka kamera, mashine za kurekodi na ruta kwa mamia ya maelfu katika nchi nyingi. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji wa intaneti kwenye tovuti mbalimbali; kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kuzifikia tovuti kubwa kama Twitter na Netflix. Kamera zilizotekwa hazikuzimika wala hazikutoa dalili ya wazi. Ziliendelea kuonyesha geti na ua kama kawaida, na wenye nazo wakaendelea kuamini kwamba zinawalinda.

Ipo pia sababu ya kiufundi inayohusu hali yetu. Wengi hutumia intaneti ya laini ya simu, na mitandao mingi ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Kwa mtu wa namna hiyo, fundi anaweza kufungua mlango katika ruta kwa siku nzima na asifanikiwe, kwa kuwa mgeni anayebisha hodi huishia kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Kutuma picha kutoka ndani kwenda nje hakupatwi na kikwazo hicho.

Mahali pa kupelekea picha

Mahali rahisi zaidi ni hifadhi ya mtandaoni ya kampuni iliyotengeneza kamera. Mtumiaji hupakua programu ya simu, hujisajili, huelekeza simu kwenye alama iliyochapishwa kwenye kamera, na picha huanza kwenda. Urahisi huu una gharama zake. Mara nyingi kuna ada ya kila mwezi baada ya kipindi cha majaribio, picha huhifadhiwa katika nchi ambayo mtumiaji hakuichagua, na usalama wake hutegemea umakini wa watu asioweza kuwahoji. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Wyze ya Marekani ililazimika kuwaeleza wateja wake kwamba watumiaji wapatao 13,000 walikuwa wameonyeshwa picha ndogo kutoka kwenye kamera zisizo zao, na wengine kati yao walikuwa wamezifungua. Wenye kamera hawakuwa wametenda kosa lolote.

Mahali pa pili ni nafasi ya seva ambayo mtumiaji ameikodi mwenyewe. Mwenye duka, shule au nyumba ya wageni aliye na tovuti tayari analipia nafasi ya aina hiyo, na huenda sehemu kubwa ya nafasi hiyo haitumiki. Kabla ya kuitumia kwa kazi ya kamera, aiulize kampuni inayompangishia mambo matatu: kama seva inapokea mafaili kwa njia iliyofichwa kwa msimbo, kama anaweza kufungua akaunti ya pili yenye nywila yake na folda yake, na kama mkataba unaruhusu kuhifadhi picha zisizo za tovuti. Baadhi ya kampuni hukataza jambo hilo la tatu, na mteja hulifahamu akaunti yake inapofungwa.

Yapo pia mahali pa tatu, nayo ni kompyuta ndogo au hifadhi ya diski iliyofichwa ndani ya nyumba yenyewe, mbali na sebule, ambayo hupokea picha kutoka kwenye kamera kisha huzituma nje. Njia hii huhitaji ujuzi zaidi, lakini itafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye suala la kamera za zamani.

Kuiweka kamera

Kazi ya kwanza hufanywa kabla kamera haijaunganishwa na intaneti: kubadilisha nywila ya kiwandani. Kamera nyingi za bei nafuu bado hufika zikiwa na nywila kama admin au 123456, na nywila hizo zimechapishwa mtandaoni kwa kila aina ya kamera. Uingereza imeona ukubwa wa tatizo hili kiasi cha kuweka sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza huko kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye nywila moja ya kiwandani inayokisiwa kwa urahisi. Hapa kwetu mnunuzi ndiye anayepaswa kujihadhari. Nywila nzuri ni ndefu, si jina la mtoto wala namba ya simu, na haitumiki kwenye barua pepe wala kwenye huduma za fedha.

Baada ya hapo mtumiaji asasishe programu endeshi ya kamera kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikiwa tovuti hiyo haipo, au mtengenezaji mwenyewe hajulikani jina, kamera hiyo ni ya kurudishwa dukani hata kama picha yake ni safi. Kamera isiyo na mwenyewe haitapata marekebisho dosari itakapogunduliwa.

Inafuata saa. Jambo hili huonekana dogo na hupuuzwa na wengi, lakini ndilo huharibu ushahidi mwingi. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa saa za China, zilizo mbele ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 5. Mwizi aliyeruka ukuta saa nane na dakika kumi na nne usiku, yaani 02:14 kwa maandishi ya kamera, ataandikwa kuwa aliruka saa 07:14 asubuhi, wakati ambao familia nzima ilikuwa ikinywa chai. Mtumiaji achague ukanda wa saa wenye alama ya +3, kisha aiagize kamera ichukue saa kutoka kwenye intaneti, kwa sababu kila umeme unapokatika kamera isiyo na betri ya saa huweza kurudi kwenye mwaka 1970 au tarehe ya kiwandani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa. Picha yenye saa isiyo ya kweli humpa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi.

Kisha ifunguliwe akaunti ya seva kwa ajili ya kamera peke yake. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Ili kuokoa muda, fundi huandika ndani ya kamera jina na nywila ileile inayoendesha tovuti nzima ya mteja. Anayefanikiwa kuifungua kamera hiyo huwa amepata pia ufunguo wa tovuti, barua pepe za kampuni na orodha ya wateja. Akaunti ya kamera iishie kwenye folda moja, na ikiwezekana iruhusiwe kuandika tu, isiruhusiwe kusoma wala kufuta. Kwa mpangilio huo, hata aliyeiteka kamera hawezi kurudi kwenye seva na kufuta picha ya uso wake.

Katika mipangilio ya kutuma, kamera itauliza anwani ya seva, namba ya mlango, jina la mtumiaji, nywila, folda na aina ya itifaki. Itifaki ni utaratibu wa mazungumzo kati ya mashine mbili. Iliyoenea zaidi kwenye kamera ni FTP, nayo ni ya kale: ilianza kuandikwa mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana na hakuna aliyefikiria wezi. Kwa sababu hiyo hupeleka jina, nywila na picha yenyewe kwa maandishi ya wazi, kama barua isiyo na bahasha. Zipo itifaki zinazofaa zaidi: SFTP, ambayo kwa kawaida hutumia mlango namba 22, FTPS, na utumaji wa anwani zinazoanza na https. Zote tatu huificha barua kabla haijatoka mlangoni. Kamera ikizipa nafasi, mtumiaji achague mojawapo na kuiacha FTP.

Itakuwaje kwa kamera ya zamani inayojua FTP pekee? Isitupwe. Ielekezwe kwenye ile kompyuta ndogo au diski iliyofichwa nyumbani, na kifaa hicho ndicho kitume nje kwa njia iliyofichwa. Maandishi ya wazi yataishia ndani ya kuta za nyumba. Asiyeweza kufanya hivyo walau ahakikishe kwamba akaunti na nywila ya kamera haifungui kitu kingine chochote duniani. Vilevile, endapo FTP itaunganika na seva lakini picha hazifiki, tatizo la kawaida kwenye laini za simu ni kwamba seva inajaribu kurudi ndani. Hali inayoandikwa PASV kwenye mipangilio mingi hulitatua.

Kamera nyingi zina kitufe cha kufanya jaribio. Kitufe hicho kikionyesha kwamba jaribio limefaulu, mtumiaji asitosheke. Aingie mwenyewe kwenye seva, aifungue picha iliyofika, asome saa iliyoandikwa juu yake na kuilinganisha na saa ya simu yake. Kisha achomoe umeme wa kamera na ruta, asubiri dakika chache, arudishe, na kuangalia kama kazi inaendelea bila kuguswa. Umeme utakatika siku moja bila taarifa, na ni heri kulijua jibu mapema.

Picha ngapi, na kwa bando kiasi gani

Hesabu hii ifanywe kabla ya kulipa. Tuchukue picha moja ya mnato yenye ukubwa wa kilobaiti 300, ambao ni wa kawaida kwa kamera ya pikseli 1920 kwa 1080. Ikitumwa picha moja kila dakika, zitakuwa picha 1,440 kwa siku, yaani megabaiti 432, na kwa mwezi wa siku 30 ni karibu gigabaiti 13. Ikitumwa kila dakika 5, mwezi mzima utakula takribani gigabaiti 2.6. Video isiyokatika, hata iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde, hula gigabaiti 10.8 kwa siku moja, sawa na gigabaiti 324 kwa mwezi. Mwenye laini ya simu anaona mara moja kwa nini picha za mnato zinamfaa kuliko video.

Wala picha za mnato si jambo duni. Kamera ya kwanza kuonekana kwenye tovuti iliangalia birika la kahawa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti waliifunga mwaka 1991 ili wasipande ngazi na kukuta birika tupu, na mwaka 1993 picha zake zikawekwa kwenye tovuti. Zilikuwa za kijivu, pikseli 128 kwa 128, na mwanzoni zilibadilika mara tatu hivi kwa dakika. Zilitosha kabisa kwa swali lililoulizwa. Mtumiaji naye ajiulize swali lake ni lipi. Anayetaka kujua kama lori la mchanga limefika kiwanjani anahitaji picha moja kila robo saa. Anayetaka uso wa mtu aliyeingia dukani anahitaji picha kadhaa mfululizo wakati mtu anapita.

Kwa haja hiyo ya pili kamera huwekwa ipige picha inapotambua mwendo. Tukikadiria matukio 40 kwa siku na picha 3 kwa kila tukio, matumizi hayazidi sana gigabaiti 1 kwa mwezi. Ugumu ni kwamba kamera inayotambua mwendo tu haitofautishi mtu na jani la mwembe. Kuku, paka, nguo kwenye kamba na taa za gari zote huhesabika kuwa matukio. Usiku hali huwa mbaya zaidi: wadudu humvutia buibui, na buibui hutanda utando wake mbele ya lenzi, ambapo kila upepo unapovuma picha kumi zinakwenda. Mtumiaji achore katika mipangilio eneo linalopaswa kuangaliwa, kama vile geti na mlango tu, apunguze wepesi wa kutambua, na awe na desturi ya kufuta lenzi kwa kitambaa laini.

Mafaili yapewe majina yenye tarehe na saa. Kamera nyingine hutuma kila picha kwa jina lilelile, hivyo picha mpya huifuta ya zamani. Mpangilio huo unafaa kwa kuonyesha hali ya hewa ufukweni, lakini kwa ulinzi ni sawa na kutokuwa na kamera.

Folda iliyosahaulika wazi

Tumeona kwamba nafasi ya seva mara nyingi huwa ni sehemu ya tovuti, na tovuti kwa asili yake ni ya kila mtu. Folda ya picha ikiwekwa ndani ya sehemu hiyo bila kufungwa, yeyote atakayeandika anwani yake kwenye kivinjari ataiona orodha nzima: lini geti hufunguliwa, lini watoto hurudi kutoka shule, nani hulala, nyumba hubaki tupu saa ngapi. Mwizi hahitaji tena kupita mtaani akichunguza.

Watu wengi hudhani kuwa anwani ambayo hawajamwambia mtu ni siri. Haiko hivyo. Programu za kutafuta hukusanya anwani kutoka kila mahali, na majina kama kamera, cctv au picha hukisiwa kwa urahisi na mashine. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni ya TRENDnet, iliyokuwa ikiuza kamera za nyumbani kwa kuzitangaza kuwa ni salama. Kwa sababu ya dosari katika programu, aliyeijua anwani ya kamera aliweza kuona picha zake bila nywila. Viungo vya kamera karibu 700 vilikuwa vimesambazwa mtandaoni, vikionyesha watoto wachanga wakiwa wamelala vitandani mwao na watu wazima wakiendelea na shughuli zao za nyumbani. Tume hiyo ilibaini pia kwamba majina na nywila za wateja zilisafirishwa kwenye intaneti kwa maandishi ya wazi.

Hivyo basi folda ya picha iwekwe nje ya sehemu ya tovuti inayoonekana kwa umma. Ikilazimika kuwa ndani yake, ifungwe kwa nywila, na uonyeshaji wa orodha ya mafaili uzimwe. Kampuni ya kupangisha seva huweza kufanya yote mawili kwa dakika chache ikiombwa. Uthibitisho ni rahisi: mtumiaji achukue simu ya mtu mwingine, iliyo kwenye laini nyingine, aandike anwani ya folda. Ikiuliza nywila au ikikataa, vyema. Ikionyesha picha, kazi haijakwisha, hata kama fundi ameshalipwa.

Seva pia iagizwe kufuta picha zilizopitwa na muda. Kwa nyumba ya kawaida siku 14 hadi 30 hutosha, kwani wizi hugunduliwa mapema kuliko hapo. Folda isiyofutwa hujaa, na folda iliyojaa hukataa picha mpya kimyakimya.

Fundi, msaidizi na mpangaji

Mamlaka inapenda kulisemea jambo moja ambalo vitabu vya maelekezo vya kamera huliacha. Katika nyumba nyingi mwenye kamera hajui nywila yake, kwa kuwa fundi ndiye aliyeisajili, kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Kwa maana ya kiufundi kamera hiyo ni ya fundi. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini simu yake inaweza kuibiwa, naye anaweza kuhamia mkoa mwingine. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya mwenye nyumba kuingia mwenyewe kwa barua pepe yake, kubadilisha nywila ya kamera na ya seva mbele ya fundi, na kuangalia katika orodha ya watumiaji kama hakuna jina asilolijua. Fundi mzuri hatachukia. Vivyo hivyo ifanyike mfanyakazi aliyekuwa na nywila anapoacha kazi, na kamera inapouzwa kwa mtu mwingine irudishwe kwanza kwenye hali ya kiwandani.

Wapo pia wanaopigwa picha. Msaidizi wa kazi za nyumbani, mpangaji wa chumba cha uani, mgeni wa nyumba ya wageni na jirani ambaye dirisha lake liko mkabala na kamera wote wana haki ya faragha, iliyotamkwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa binafsi awe na sababu halali inayojulikana, asikusanye kupita haja, asizihifadhi muda mrefu kuliko inavyohitajika, na azilinde. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Mwenye duka, shule, ofisi au nyumba ya wageni anayeweka kamera aelewe kuwa anakusanya taarifa hizo na anapaswa kufuata taratibu za usajili za Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na endapo seva aliyokodi iko nje ya nchi, sheria hiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje.

Kwa vitendo, hii ina maana ya tangazo linalosomeka mlangoni, kamera isiyoelekezwa chumba cha kulala, choo wala bafu, na matumizi ya kisanduku cheusi ambacho kamera nyingi huweza kukichora juu ya sehemu ya picha, ili dirisha la jirani lisionekane. Msaidizi wa nyumbani aambiwe kamera ziko wapi siku anapoanza kazi. Kamera iliyofichwa dhidi ya mtu anayeishi humo ndani huleta ugomvi ambao hakuna mwizi angeweza kuuleta.

Mambo yanapokwenda mrama

Picha zikiacha kufika, sababu huwa ni chache: bando limekwisha, folda imejaa, nywila ya Wi-Fi imebadilishwa, au umeme umekatika. Ili mtumiaji asilitambue hilo siku ya wizi, aiagize kamera itume walau picha moja kila siku kwa saa maalumu, hata kama hakuna mwendo, na aitazame. Kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera iwekwe kama akiba ya saa ambazo mtandao haupo.

Picha zikivuja, mtumiaji achomoe kamera kwenye mtandao, abadilishe nywila za kamera, seva na ruta kwa kutumia kifaa kingine, na aifunge folda. Asikimbilie kufuta. Kumbukumbu za seva huonyesha ni anwani zipi ziliingia na saa ngapi, na kampuni nyingi za kupangisha huzihifadhi kwa muda mfupi tu. Aombe nakala siku hiyohiyo kwa maandishi. Picha za tukio la wizi nazo zikabidhiwe polisi zikiwa mafaili halisi yaliyotoka kwenye seva, si picha za skrini zilizopita kwenye makundi ya mitandao ya kijamii, ambako hubanwa na kupoteza tarehe zake.

Malalamiko kuhusu kamera yaanzie kwa muuzaji, na yale yanayohusu intaneti au seva yaanzie kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Yasiposhughulikiwa, yaletwe kwa Mamlaka yakiwa na nakala ya barua hiyo, risiti, namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera, na tarehe ambayo tatizo lilianza.